Kadeira Moja Iliyobaki

Iko siku, mwanangu, haijanitoka mpaka leo, na kila nikimwona kijana amejikunyata na vitabu vyake peke yake, inanirudia. Ilikuwa Jumamosi, jua la saa sita, nimekaa kwenye kizingiti cha darasa langu pale Mocímboa da Praia, daftari magotini, nikamwona Bi Somoe anaingia uwanja wa shule na kiti kichwani. Bi Somoe alikuwa shoga wa mama yangu. Aliuza samaki wakavu, na kila baada ya wiki mbili tatu alitoka kwetu Namoto, kule mpakani Ruvuma inapoingia baharini, akaja na mzigo wake mpaka soko la Mocímboa. Nilizoea kumwona na matenga. Kiti sikuwahi kumwona nacho.

Kabla sijakwambia nilichofanya siku hiyo, ngoja nikwambie kwanza nilikuwa nani, maana ukinitazama sasa na miwani yangu na mguu huu unaovuta, utadhani nilizaliwa hivi hivi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa shule ya msingi, na nilikuwa nasoma hisabati ya chuo kikuu. Nilisoma nikiwa mbali na chuo kama unavyosoma wewe, ila wewe una simu, sisi tulikuwa na moduli, yaani vitabu vya karatasi nyepesi vilivyopigwa kopi, vinavyofika kwenye kituo cha chuo pale mjini ndani ya bahasha kubwa. Mkufunzi alikuja mara moja kwa muhula, akakaa siku mbili, akasema Kireno chake cha mbio, akaondoka. Siku nyingine zote ilikuwa mimi na karatasi.

Sifichi, nilikuwa mpweke. Nilipanga chumba kwenye ua wa watu wema. Jioni walikaa nje wanazungumza Kimwani na kucheka, na mama mwenye nyumba aliniita, "Zaituni, njoo tule." Nami nilijibu kutoka ndani kwamba nina kazi. Jioni ya pili nina kazi, ya tatu nina kazi. Baada ya miezi akaacha kuniita, nami nikakaa ndani nikasikitika kwamba siitwi. Nilikuwa mtu wa namna hiyo, na usinicheke bado, maana kuna makubwa zaidi mbele.

Sasa sikiliza habari ya neno hili, kadeira. Kwetu huku shule na ofisi zimekuja na Kireno, na kadeira kwa Kireno ni kiti. Kila mtu anajua, hata asiyejua neno lingine. Ila ukifika chuo kikuu wanakwambia kadeira ni somo. Una kadeira tano muhula huu, umefeli kadeira mbili. Sisi tuliosoma tumelizoea neno mpaka kiti hatukisikii tena ndani yake. Mimi nilikuwa nimezimaliza kadeira zote isipokuwa moja, ile hisabati ya vitu viwili vitatu vinavyobadilika kwa pamoja. Nilikuwa nimeifeli mara mbili. Mtihani wa tatu ndio ulikuwa wa mwisho, nikianguka tena jina langu linafutwa, na miaka yangu mitano inakwenda na maji.

Kilichonishinda ni kitu kimoja, na nitakueleza bila hesabu. Fikiria unatembea kilimani umefungwa kitambaa machoni. Ukifika mahali ambapo ardhi chini ya nyayo haipandi wala haishuki, unajiuliza, niko kileleni au niko bondeni? Kuna namna ya kupima, na hiyo niliijua. Lakini moduli ilisema ipo nukta ya aina ya tatu, si kilele wala si bonde, inaitwa ponto de sela. Mchoro wake ulikuwepo, ila kopi ilivuja wino, mchoro mzima ukawa doa jeusi. Na neno lenyewe, sela, sikulijua. Nililolijua ni lile linalotamkwa hivyo hivyo ila linaandikwa kwa herufi nyingine mwanzoni, chumba cha mahabusu pale polisi. Nikaona aliyechapa moduli amekosea herufi. Nikaamini hiyo ni nukta iliyofungiwa, haina pa kutokea. Nikayakariri maelezo hayo, nikayaandika kwenye mtihani kwa mwandiko mzuri kabisa, mara mbili.

Utasema ningeuliza. Darasa la jirani na langu alifundisha profesori Armando, yaani mwalimu Armando, kijana wa kusini aliyeletwa na serikali, Kireno chake cha kuzaliwa nacho. Ningemuuliza neno moja tu. Lakini mimi ndiye nilikuwa nasoma chuo kikuu, yeye hakuwa anasoma, na nilijivunia hilo mbele yake kila siku. Ningeanzaje?

Na mama yangu je? Mama alijua Kurani yake, alijua shamba na biashara ndogo ndogo, Kireno hakukijua. Akiniuliza, "Unasoma nini hasa huko, mwanangu?" nilimjibu, "Mambo ya chuo, mama, huwezi kuyajua." Alikuwa akinyamaza, anaendelea na kazi yake. Nilidhani ameridhika na jibu.

Basi siku moja sokoni Bi Somoe alinishika mkono. "Mama yako anauliza lini utakwenda kumwona. Idi mbili zimepita." Nilikuwa na haraka, sikusimama hata vizuri. Nikamjibu, "Mwambie nimebakiza kadeira moja tu. Nikiipata hiyo, nimemaliza, nakuja." Nikaenda zangu.

Wiki tatu baadaye ndipo ikaja Jumamosi ile.

Bi Somoe alitua kiti mbele yangu, akafuta jasho kwa ncha ya kanga. "Haya mwanangu, zigo lako hilo. Limenivunja shingo. Mama yako anakusalimu sana, anasema kadeira aliyonayo ni hii tu, umsamehe kama si nzuri kama za huko ofisini. Ila sasa unayo, basi umalize uje."

Armando alikuwa ametoka darasani kwake kutazama. Kiswahili chetu alikuwa amekishika kiasi, na akaelewa kabla yangu. "Mama yako amekuletea kadeira," akasema, akaanza kucheka. Hakucheka kwa ubaya, alikuwa mtu wa kucheka. Nami nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika ubavu, mwanangu, na sababu yake naijua. Nilitaka Armando aone kwamba mimi niko upande wa wanaojua. Nikamwambia Bi Somoe, machozi ya kicheko machoni, "Bi Somoe, kamwambie mama mimi si mtu wa kukosa kiti. Kadeira ni somo. Mwambie asijisumbue na mambo asiyoyajua."

Bi Somoe hakukasirika. Alijifunga kanga upya kiunoni, akanitazama.

"Nitamwambia," akasema. "Wewe cheka tu. Ila ujue, mama yako siku hizi anakuna nazi amekaa chini."

Akaenda zake sokoni. Ndipo nikakitazama kile kiti.

Kilikuwa mbuzi ya kukunia nazi ya nyumbani kwetu. Ile ile ya bibi mzaa mama, iliyochongwa kwa kipande kimoja cha mti mzito, niliyoikalia mimi tangu nina miaka sita nakuna nazi za wali. Mama alikuwa amempa fundi wa mashua akang'oa ule ulimi wa chuma wa kukunia, akaipigilia miguu mirefu chini, akaweka na mgongo wa ubao wa mashua uliokuwa bado na rangi ya buluu, ili ifanane na kadeira ya ofisini. Pale chuma kilipokuwa pamebaki tundu. Mbao ilinuka nazi. Armando alikuwa ameacha kucheka, akarudi darasani kwake taratibu, nami nikakibeba kiti nyumbani kwa kupita njia ya nyuma ili nisionekane.

Ungekuwa wewe ungetuma neno la kuomba radhi siku ile ile. Mimi nilikaa mwezi mzima. Nilikiweka kiti pembeni nikakipangia moduli juu yake, nikaendelea kusomea kitandani. Bi Somoe alikuja Mocímboa, akaniuzia samaki, akanipa salamu za watu wengine wote wa Namoto. Za mama hakunipa, nami sikuuliza. Sijawahi kuwa mpweke kama mwezi ule. Hata mtihani ulipokaribia, niliogopa zaidi kwamba nikifeli sitakuwa na mtu wa kumwambia.

Siku kitanda kilipokatika kamba, ilibidi nikae kwenye kiti. Ilikuwa alasiri baada ya shule. Niliweka kikombe cha chai ubavuni mwangu, pale pale juu ya mbao, nikanyanyuka kuchukua kalamu, kikombe kikapinduka. Nikashika kitambaa nifute, kisha nikasimama kitambaa mkononi.

Chai iliyomwagikia upande wa mgongo iliteremka ikaja katikati. Ya upande wa mbele, penye tundu, nayo ikateremka ikaja katikati. Lakini ilipofika katikati haikutuama. Ilimwagikia pembeni, kushoto na kulia, ikatiririka sakafuni. Nikamimina nyingine makusudi. Ikafanya vile vile. Nikapitisha kiganja kutoka nyuma kwenda mbele, mkono ukashuka, ukapanda. Nikapitisha kutoka paja la kushoto kwenda la kulia, mkono ukapanda, ukashuka. Bibi na mama na mimi tulikuwa tumeikalia mbao ile miaka yote mpaka mapaja yetu yakaisugua ikawa hivyo. Na pale katikati kabisa, ukiweka ncha ya kidole, hapapandi wala hapashuki. Ukitazama kwa urefu wa mbao, upo bondeni. Ukitazama kwa upana wake, upo kileleni.

Nilitoka nje bila viatu nikaenda mpaka anakokaa Armando. Alikuwa anafua mashati. Sikumsalimu vizuri hata. Nikamuuliza, "Sela ni nini?"

"Sela ipi?"

"Ya kuandikwa kwa esi."

Akajipangusa povu mikononi. "Kile wanachokiweka juu ya farasi. Cha kukalia."

"Cha kukalia?"

"Ndiyo. Kiti cha farasi. Babu yangu alikuwa nacho." Akanitazama. "Kwani wewe ulidhani nini?"

Nikamwambia nilichodhani. Nikamwambia na mitihani miwili niliyofeli, jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu yeyote pale Mocímboa. Nilitegemea acheke, na haki yake angekuwa nayo. Hakucheka. Alisema, "Pole, mwenzangu," akanisogezea ndoo iliyopinduliwa nikae, nikakaa nikalia mbele ya mashati yake.

Nililia kwa ajili ya mama, maana mama alisikia neno la Kireno akaelewa kiti, na mimi msomi nikasikia neno la Kireno nikaelewa jela. Na yeye ndiye aliyekuwa karibu na ukweli. Nilichopungukiwa kilikuwa kiti kweli, na alinitumia.

Mtihani nilifanya. Sikupata alama za kutangaza barabarani, lakini nilipita, na jina langu lilibandikwa pale kituoni pamoja na waliopita. Wenzangu walikuwa wanakumbatiana. Mimi nilisoma jina langu mara mbili nikaondoka, kesho yake nikapanda gari la kwenda Palma na kutoka hapo nikatafuta la Namoto.

Nilimkuta mama uani. Alikuwa amekaa juu ya mkeka mguu umenyooka, ule ulimi wa chuma wa mbuzi yetu ameupigilia kwenye kigogo, kigogo amekikandamiza kwa goti, anakuna. Ilikuwa kazi ya shida, nazi inateleza, mgongo umepinda. Nikampigia magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Hakuacha kukuna. "Umekuja. Kadeira umeipata?"

"Nimeipata, mama."

"Alhamdulillahi."

Nikamwambia anisamehe kwa kicheko changu. Nikamwambia kiti kimenisaidia, nikaanza kumweleza habari ya chai, na mbele na nyuma, na kushoto na kulia, nikitumia kifuu cha nazi na mikono yangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza kumweleza mama ninachosoma, na alielewa, mwanangu. Aliniuliza hata swali, kwamba je, mtu akisimama pale katikati akasukumwa kidogo, ataangukia wapi? Mkufunzi wangu aliuliza swali hilo hilo. Nikamjibu inategemea anasukumwa kuelekea wapi.

Kisha akaweka kifuu chini.

"Somoe aliniambia ulicheka," akasema. "Kucheka hakukuniuma. Mtu mzima akikosea huchekwa. Kilichoniuma ni kwamba hukuniambia. Miaka mitano nakuuliza unasoma nini, unaniambia sitajua. Ungeniambia ni somo, ningekuombea somo. Wewe uliniambia umebakiza kiti, nikakaa nikawaza mwanangu huko ugenini hana hata pa kukaa. Nikatafuta kiti."

Nikachukua kile kigogo, nikakikandamiza kwa goti langu, nikamkunia nazi iliyobaki. Nilipotaka kumrudishia mbuzi yake alikataa, akasema kadeira ya mtu hairudishwi, na mwaka ule ule nikamchongeshea nyingine kwa fundi yule yule. Aliikalia mpaka alipofariki. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sasa lililobaki nalisema kwa shida. Vita vilipotufikia Mocímboa, tulikimbia kama walivyokimbia watu wote. Nilikuwa na muda wa kushika kitu kimoja. Nilishika bahasha ya vyeti. Niliwaza, hizi karatasi ndizo maisha yangu, kiti ni kiti. Tulipokuja kurudi nyumba haikuwa na paa wala mlango, na ndani hamkuwa na kitu. Vyeti ninavyo mpaka leo, vimekunjamana kidogo tu. Ila hakuna kinachonikumbusha mkono wa mama ndani ya bahasha ile. Mara nyingine alasiri nikiwa peke yangu napitisha kiganja juu ya meza hii, na meza ni tambarare tu.

Ndiyo maana nimekuita, mwanangu. Leo asubuhi nilikusikia uani unamwambia mama yako aliyekaa nyuma yako, macho kwenye simu na uso ukutani, "Nimebakiza kadeira moja, mama, niache kwanza." Mama yako akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Nilikijua kile kimya.

Basi nasaha yangu ni hii, na wala si ndefu. Ukisoma, sema unachosoma. Waambie wa nyumbani kwako kwa maneno yao, hata kama itakuchukua mchana mzima na kifuu cha nazi, na usimwamulie mtu kwamba hatajua kabla hajasikia. Neno usilolijua liulize siku ile ile, kwa yeyote aliye karibu, hata kama ni yule ambaye ulikuwa unamringia jana. Ukifeli, sema nimefeli. Upweke wangu wa Mocímboa niliulaumu umbali, nikaulaumu chuo, na ukweli ni kwamba watu walikuwepo, mlango nilikuwa nimeufunga mimi kwa ndani. Na mtu akikuletea kitu ambacho sicho ulichoomba, usicheke kwanza. Kikalie uone.

Nenda sasa kwa mama yako, mchele bado hajamaliza. Mwambie ni kadeira gani hiyo iliyobaki.

Mungu akufungulie akili, akujaalie mtihani wako, na popote utakapopelekwa na kazi akupe pa kukaa. Na akudumishie wanaouliza habari zako, mwanangu, na akupe moyo wa kuwajibu wangali hai. Amina.